Maji ya Ruaha Mkuu Hupotelea Wapi Kati ya Geji na Geji?

Kila kiangazi kinapofika Oktoba na Novemba, swali lilelile linarudi, kuanzia Mbarali na Iringa hadi Dar es Salaam: maji ya Ruaha Mkuu yamekwenda wapi? Zamani mto huu ulipitisha maji mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwishoni mwa 1993 ulikatika, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la kawaida la kiangazi, miaka mingine kwa zaidi ya miezi miwili. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya matope na tembo huchimba mchanga kutafuta maji. Huku juu lawama zinarushwa kwa mkulima wa mpunga, kwa mfugaji, kwa wanaoendesha mabwawa ya umeme, na kwa mvua yenyewe.

Chini ya lawama hizo zote imelala hesabu moja ya kutoa. Chukua maji yaliyopita kituo cha juu cha kupimia mto, yaani geji ya juu, toa yaliyopita kituo cha chini, kinachobaki kiite "upotevu". Hoja ya kuokoa maji ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumika mwaka 2006 na 2007, wafugaji na mifugo yao walipoondolewa kwa maelfu kutoka Usangu, tambarare ambako mto huu hukusanya maji yake. Hesabu yenye uzito wa kuhamisha watu inastahili kufanywa sawasawa, na ukweli ni kwamba ni rahisi sana kuikosea.

Kwanza tuuone mto wenyewe. Mito mitano isiyokauka, yaani Ruaha Mkuu, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera, inateremka kutoka milima ya kusini na kuingia tambarare ya Usangu. Njiani inakutana na mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji kwenye mifereji, ya wakulima wadogo na ya mashamba makubwa kama Mbarali na Kapunga. Yanayobaki yanaingia Ihefu, bonde oevu la matete na majani. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mwamba wa Ng'iriama. Kutoka hapo mto unakwenda kiasi cha kilomita 80 hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ambako kuna kituo cha kupimia mtiririko. Chini zaidi Ruaha Mdogo unaingia kutoka Iringa, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi mto Rufiji.

Sasa geji. Watu wengi wanadhani geji inapima mtiririko. Geji inapima kina, basi. Ni rula ndefu iliyosimikwa ukingoni, na mtunza kituo anaisoma kila siku na kuandika, tuseme, mita 1.42. Ili 1.42 igeuke kuwa mita za ujazo kwa sekunde, lazima mafundi waje mara kadhaa kwa mwaka, mto ukiwa chini na ukiwa juu, wavuke wakipima upana, kina na kasi ya maji kipande kwa kipande. Wanachora kila kipimo kwenye grafu na kupitisha mstari. Mstari huo ndio unaotafsiri kina kuwa mtiririko. Ila mto wa mchanga unahamisha sakafu yake. Mafuriko ya Machi yakichimba kitako cha mto kwa sentimita 20, mwezi Mei rula itasoma chini ilhali maji ni yaleyale, na mstari wa mwaka jana utasema mto umepungua. Mtu asiyejua hilo ataanza kumtafuta mwizi wa maji mahali ambapo mchanga tu ndio uliosogea.

Kosa la pili, ambalo ndilo la kawaida zaidi, ni kutoa leo kwa leo. Nitatumia mfano wa kubuni, wenye vituo viwili ambavyo maji huchukua siku moja kutoka cha juu hadi cha chini. Namba zote ni mita za ujazo kwa sekunde. Kituo cha juu kinaandika 40 Jumatatu, 90 Jumanne baada ya mvua, 60 Jumatano na 45 Alhamisi. Cha chini kinaandika 38 Jumatatu, 37 Jumanne, 80 Jumatano, 58 Alhamisi na 46 Ijumaa.

Ukitoa leo kwa leo, Jumanne unapata upotevu wa 53. Zaidi ya nusu ya mto imetoweka! Jumatano unapata hasi 20, yaani mto umezaa maji njiani, na Alhamisi umezaa tena 13. Hakuna lililotoweka wala lililozaliwa. Maji ya Jumanne yalikuwa bado yako njiani. Sasa sogeza kituo cha chini nyuma kwa siku moja. 40 inakutana na 37, 90 na 80, 60 na 58, 45 na 46. Kwa siku nne zimepita juu jumla ya 235 na chini 221. Tofauti ni 14, kama asilimia 6, au takriban mita za ujazo milioni 1.2 kwa siku zote nne. Hiyo sasa ni namba ya kuanzia mazungumzo.

Tazama pia kilele: 90 imefika ikiwa 80, halafu siku ya mwisho chini pakapita 1 zaidi ya juu. Mto unapojaa, sehemu ya maji inapanda kingo, inaingia vidimbwi vya pembeni na kunywewa na udongo wa ukingoni. Mto unaposhuka, sehemu ya maji hayo inarudi. Kwa hiyo mto ni ghala pia, na ghala linapojazwa huonekana kama linapoteza. Wahandisi wa jeshi la Marekani walitengeneza njia ya kuhesabu jambo hili miaka ya 1930, wakifanya kazi kwenye mto Muskingum katika jimbo la Ohio, na hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina la mto huo. Ina namba mbili tu: moja ni muda wa safari kati ya kituo na kituo, ya pili inaeleza jinsi ghala la kipande hicho linavyochangiwa na maji yanayoingia na yanayotoka. Ukizipata namba hizo mbili kutokana na mafuriko yaliyopita, unaweza kukadiria mafuriko yajayo yatafika chini saa ngapi na yakiwa makubwa kiasi gani.

Muda wa safari nao si mmoja. Maji yakitembea kwa nusu mita kwa sekunde yanakwenda kilomita 43 kwa siku, hivyo kilomita 80 ni siku mbili kasoro saa chache. Wakati wa kiangazi, kasi ikiwa mita 0.2 kwa sekunde, umbali huohuo unachukua siku nne na nusu na zaidi. Katika mafuriko, kwa mita 1.2, ni saa 18 na nusu hivi. Anayetumia muda mmoja mwaka mzima atakuwa sahihi kwa bahati, tena kwa siku chache tu.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu: habari ya maji inatangulia maji yenyewe. Fungua koki ya mpira wa kumwagilia ambao tayari umejaa. Yanatoka upande wa pili papo hapo, ila yanayotoka si yaliyopita kwenye koki sasa hivi, yamesukumwa. Mtoni msukumo huo ni wimbi la mafuriko, na kwenye mto mpana usiomwagika nje ya kingo huenda kwa takriban mara moja na theluthi mbili ya kasi ya maji. Maji yakienda mita 1.2 kwa sekunde, wimbi linakwenda mita 2, na kilomita 80 linazimaliza kwa saa 11. Kwa hiyo ukimtahadharisha mtu wa bondeni juu ya mafuriko, hesabu kwa kasi ya wimbi, la sivyo taarifa itamkuta juu ya paa. Dawa ya shamba ikimwagika mtoni, hesabu kwa kasi ya maji yenyewe, kwa sababu dawa inasafiri na maji, haisafiri na wimbi.

Turudi Usangu, ambako kuna kitu kinachovuruga hesabu hizi zote: Ihefu. Maji yakiingia pale yanatandaa, yanapita taratibu kati ya matete, na jua linayachukua. Hesabu ya jua ni nyepesi. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Eneo lililolowa likiwa kilomita za mraba 80 na jua likichukua milimita 6 kwa siku, zinaondoka mita za ujazo 480,000 kila siku. Gawanya kwa sekunde za siku nzima, unapata karibu 5.6 kwa sekunde. Huo ni mto mzima unaopaa hewani bila mtu kugusa hata koleo.

Ndiyo maana watafiti waliochunguza Ihefu miaka ya 2000, akiwemo Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walikadiria kwamba ili kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, zinapaswa kuingia kama 7. Saba ndani, nusu nje. Anayetegemea kwamba akifunga mabanio na kuokoa mita moja ya ujazo kwa sekunde kule Mbarali ataiona mita hiyo Msembe atasubiri sana, kwa sababu maji yakiongezeka bonde linatanuka kwanza, na likitanuka linapaisha zaidi.

Na Ng'iriama ni mwamba. Ni kama ukingo wa beseni. Maji ndani ya beseni yakishuka chini ya ukingo, hata kwa sentimita tano, hayamwagiki tena, ingawa beseni bado lina maji. Mto unakatika hifadhini huku nyuma ya mwamba kukiwa na maeneo mapana yaliyolowa. Mtu akipiga picha Ihefu na mwenzake akapiga Msembe siku hiyohiyo, kila mmoja atamwona mwenzake mwongo, kumbe wote wawili wanasema kweli. Naona hapa ndipo mjadala wa Ruaha unapopinda: watu wanaongea juu ya kiasi cha maji, ilhali wakati wa kiangazi kinachoamua ni kimo cha maji kwenye ukingo wa mwamba.

Kwa mkulima pia hesabu haifanyiki kwa kujumlisha mabanio. Banio likichukua lita 500 kwa sekunde, lita 500 hazijapotea. Sehemu inapaa kutoka kwenye majaruba na majani ya mpunga, sehemu inazama, na sehemu inatoka kwa mitaro ya chini, inarudi mtoni au inaingia mfereji wa jirani na kunywesha shamba la pili, wakati mwingine la tatu. Ukijumlisha mabanio yote unahesabu tone moja mara tatu. Kilichopotea kwa bonde ni kile kilichopaa na kile kilichozama pasipo kurudi. Lakini mfereji usiofungwa mwezi Septemba, baada ya mpunga kuvunwa, ukimwaga maji kwenye uwanja mtupu ili tu yawepo, huo ni upotevu wa kweli. Kuna kaya zinazotegemea mfereji huo kwa maji ya nyumbani, kwa hiyo kuufunga bila kuwachimbia kisima ni kuwahamishia kiu.

Na neno lenyewe "upotevu" lina mwenyewe. Kwenye Nile Nyeupe, huko Sudan Kusini, karibu nusu ya maji yanayopita Mongalla, upande wa juu, hayatoki upande wa pili wa bonde oevu la Sudd kuelekea Malakal. Kwa mhandisi wa Cairo au Khartoum maji hayo yamepotea, na mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa mwaka 1978 ili kuyapitisha pembeni, hadi vita vikausimamisha. Kwa Wadinka na Wanuer, maji hayohayo ndiyo malisho yanayobaki baada ya mafuriko kushuka. Usangu ni vivyo hivyo. Maji yaliyopaa kutoka kwenye jaruba la mpunga yameacha gunia la mchele nyuma yake, na yaliyopaa Ihefu yameacha majani, samaki na ndege.

Mabwawa nayo yaingie kwenye daftari hili. Umeme ulipokatika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kidole kilinyooshwa Usangu haraka. Mtera ikijaa inaweka mita za ujazo zaidi ya bilioni 3. Sasa chukua mita za ujazo 5 kwa sekunde zilizozuiwa Usangu, kila sekunde, kwa miezi sita ya kiangazi. Unapata kama milioni 79, yaani asilimia mbili na nusu ya bwawa. Bwawa hujazwa na mvua. Kinachoamua kama litakuwa na maji Novemba ni ukubwa wa mafuriko ya Februari hadi Aprili na namna milango ilivyofunguliwa baada ya hapo. Likiwa limejaa, uso wake ni kiasi cha kilomita za mraba 600, na kwa milimita 5 kwa siku zinapaa mita za ujazo 35 kwa sekunde, zaidi ya mara sita ya zile tulizozihesabu Ihefu. Kwa viboko na kwa watu wanaoishi kando ya mto, kukatika kwa Ruaha Mkuu ni msiba. Kwa umeme wa Kidatu ni senti chache kwenye mfuko mkubwa. Hayo ni matatizo mawili, kila moja na dawa yake, na kuyafunga katika furushi moja kumewaumiza watu ambao hawakustahili.

Lipo pia suala la kosa la kipimo, ambalo ningetamani liandikwe juu ya kila ripoti. Kituo kizuri, chenye grafu iliyosahihishwa karibuni, kinaweza kukosea kwa asilimia 5 na hakuna wa kulaumiwa. Juu umepima 100, chini 95. Umepata upotevu wa 5. Lakini 100 yako inaweza kuwa 95 au 105, na 95 yako inaweza kuwa 90 au karibu 100. Makosa mawili wakati mwingine yanafutana, hivyo hayajumlishwi yote. Hata hivyo kwa kanuni ya kawaida ya hesabu, shaka iliyo juu ya tofauti hiyo ni kama 7. Umepata 5 yenye shaka ya 7. Yaani hujui kama mto umepoteza au umeongeza. Ukichukua namba hiyo kwenye mkutano wa kijiji na kusema wenye banio fulani wamekula asilimia 5 ya mto, umewashitaki bila ushahidi.

Wapimaji makini wanaizunguka shaka hii kwa subira. Wanachagua wiki za kiangazi mto unaposhuka taratibu, ghala la kingo likiwa limetulia. Wanatumia timu moja na kifaa kimoja, wakishuka na mto kituo hadi kituo, ili kosa la kifaa liwe lilelile kila mahali na lijifute katika kutoa. Wanapima kila banio na kila mtaro unaorudisha. Hawasahau makorongo ya msimu yanayoingia katikati, maana ndani ya hifadhi mvua moja kubwa huyashusha na kuongeza maji ambayo hayakupita Ng'iriama kabisa. Ukiyaacha, upotevu utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Na wanajumlisha kwa msimu mzima, kwa sababu makosa ya siku moja moja hupunguzana katika jumla ya siku nyingi. Hilo halisaidii kama grafu yenyewe imepinda. Grafu iliyopinda inakosea upande uleule kila siku, na dawa yake ni mafundi kurudi mtoni kupima upya.

Asilimia nazo zina hila yake. Kati ya Ng'iriama na Msembe, uso wa maji ukiwa na upana wa mita 30 kwa kilomita 80, jua la milimita 6 kwa siku linachukua kama mita za ujazo 0.17 kwa sekunde. Mto ukiwa na 300 hiyo si kitu, hakuna geji itakayoiona. Mto ukiwa na 0.5, ni theluthi moja. Jua ni lilelile na mto ni uleule, ila wakati wa masika upotevu hausomeki na Oktoba ni janga. Kwa hiyo namba ya upotevu isiyotaja mto ulikuwa na maji kiasi gani siku hiyo haina maana.

Na mto ukishakatika, geji ikisoma sifuri, hesabu bado inaendelea chini ya mchanga. Tembo wanalijua hilo; ndiyo maana wanachimba. Maji ya kwanza yakirudi kuvuka mwamba wa Ng'iriama, mchanga unayasubiri. Tuseme kitako cha mto kina upana wa mita 50, mchanga umekauka mita moja kwenda chini, na robo ya ujazo wake ni nafasi tupu. Kwa kilomita 80, nafasi hiyo inameza mita za ujazo milioni moja. Yakiingia maji ya mita za ujazo 5 kwa sekunde, zinahitajika zaidi ya siku mbili za mto mzima kuushibisha mchanga tu, juu ya muda wa safari yenyewe. Mtu aliyeko Ng'iriama anapiga simu kusema mto umeanza kumwagika. Mtunza kituo wa Msembe anashuka asubuhi na daftari, anaandika 0.00. Kesho yake anaandika 0.00. Keshokutwa tena. Kisha asubuhi moja anakuta mchanga chini ya geji umebadilika rangi, umelowa, na katikati ya mto kuna mkondo mwembamba wenye povu na majani makavu mbele yake, unaokwenda polepole kuliko mtu anavyotembea.